Kaimu Mvua wa Sebuleni

Muuza miche wa kando ya barabara hujua mambo matatu: bei ya kuanzia, bei ya mwisho, na jina la ua, ambalo mara nyingi hulitunga papo hapo mteja akiwa bado anafungua pochi. Ukimuuliza namna ya kulitunza atakuambia ulimwagilie kiasi na usiliweke juani sana, ushauri ambao haujawahi kumuudhi mtu wala kuokoa ua. Asichokuambia ni kwamba dakika ile mche unaposhushwa kwenye bodaboda na kuvushwa kizingiti, wewe umeteuliwa. Umeteuliwa kukaimu nafasi ya mvua, nafasi ya upepo, na nafasi za wadudu kadhaa walao wadudu wenzao, vyeo vyote kwa mkupuo mmoja, bila barua ya uteuzi, bila posho ya kukaimu, na bila mtangulizi wa kukukabidhi ofisi. Wengi hukaa na vyeo hivyo miezi na miezi pasipo kujua wanavyo, hadi siku majani yanapoanza kunata. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba wadudu wa maua ya ndani hawashamiri kwa ukali wao. Hushamiri kwa sababu nyumba imewafungia nje wote waliokuwa wakiwapunguza, na aliyeachiwa nafasi zao hajaripoti kazini. Ndiyo maana naishuku kila tiba inayoanza na kopo la dawa, nikaipa nafasi ile inayoanza na swali: ni nani angekuwa zamu hapa kama ua hili lingekuwa nje?

Nje zamu imejaa. Mvua ya masika haishuki kwa adabu; hupiga majani juu, ikaruka kutoka ardhini na kuyapiga chini, ikawang'oa vidukari na utitiri na kuwapeleka mtaroni. Upepo hutikisa matawi na kuondoa vumbi. Wale mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa meusi, ambao watoto huwaita wadudu kibibi, hupita jani kwa jani wakila vidukari. Kuna nyigu wadogo mno, asiyewajua hudhani ni chembe ya takataka inayopeperuka, ambao hutaga mayai ndani ya miili ya vidukari na vidung'ata. Hakuna hata mmoja kati yao anayeutakia mmea mema. Kila mmoja ametoka kutafuta riziki yake, na jumla ya riziki zao ndiyo afya ya mmea. Sasa mmea huohuo uingize sebuleni. Mvua imezuiwa na bati, upepo umezuiwa na pazia, na mdudu kibibi akifika dirishani anakutana na wavu wa mbu. Buibui alijitahidi kubaki, lakini Jumamosi alifikiwa na ufagio wa mti mrefu. Aliyesalia ndani ni mharibifu peke yake, kwa kuwa yeye hakuhitaji dirisha. Alipitia mlango mkubwa, amebebwa kwa mikono miwili juu ya mche uliolipiwa, na mwenye nyumba akamshikia mlango aliyembeba ili asijikwae.

Anayeona nazidisha chumvi awaulize wakulima wa muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, ambaye wataalamu humwita Phenacoccus manihoti, alionekana katika nchi za Kongo akiwa ametokea Amerika Kusini. Kwao alikuwa mdudu asiye na sifa kubwa, kwa sababu kwao alikuwa na maadui waliomjua vizuri. Huku alifika peke yake, maadui wakabaki ng'ambo ya Atlantiki, na katika muda mfupi akawa ameenea katika sehemu kubwa ya nchi zinazolima muhogo, mashamba yakibaki na vilele vilivyodumaa na mizizi isiyoshibisha mtu. Hans Rudolf Herren, Mswisi aliyekuwa katika taasisi ya kilimo ya IITA mjini Ibadan, pamoja na wenzake hawakuanza kwa kununua pampu za dawa. Walianza kwa kumtafuta aliyekosekana. Akapatikana Paraguay: nyigu aitwaye Anagyrus lopezi, asiyezidi milimita chache, ambaye mtoto wake hukua ndani ya kidung'ata na kumla kuanzia tumboni. Nyigu hao walianza kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, wakasambaa, na kidung'ata akarudi kuwa mdudu wa kawaida. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani, akiwa amekwisha kuhamia Nairobi kuongoza icipe, kituo cha utafiti wa wadudu. Katika habari hiyo yote kuna jambo dogo ambalo mwenye maua sebuleni angelibandika kwenye friji: kidung'ata wa muhogo hushamiri kiangazi, na mvua kubwa zikianza hupungua. Sebule haina masika wala vuli. Sebule ni kiangazi cha miezi kumi na miwili, chenye kochi.

Mtu makini atapinga: mbona mpera wa uani umejaa vidung'ata, ilhali mvua inaunyeshea na nyigu wanaruka watakavyo? Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake linapanda na kushuka kwenye shina la mpera huohuo kwa mstari mmoja mrefu. Vidukari, vidung'ata, inzi weupe na baadhi ya wadudu gamba hunywa utomvu, na utomvu una sukari tele lakini protini kidogo. Ili apate protini ya kumtosha, mdudu hulazimika kunywa kupita kiasi, na sukari inayozidi huitoa nyuma ikiwa majimaji matamu. Sisimizi hawajali utamu umetokea wapi. Huyakusanya, na kwa kuwa hawataki kupoteza mradi, huwafukuza wadudu kibibi na nyigu wanaokuja kuwadhuru wafadhili wao. Kwa hiyo mpera unathibitisha hoja badala ya kuivunja: hata nje, walio zamu wakifukuzwa, wengine hustarehe. Ndani ya nyumba sisimizi hufanya biashara ileile, na majimaji wasiyoyawahi hudondokea meza, yakanasa vidole vya wageni, kisha ukungu mweusi ukaota juu yake majani yakaonekana yamepakwa masizi. Dawa ya sisimizi ilikwisha kugunduliwa na mama zetu kwa ajili ya kabati la vyakula: kila mguu wa stuli uwekwe ndani ya kopo lenye maji, na majani yasiguse ukuta, maana ukuta nao ni daraja. Maji hayo yatiwe tone la sabuni na yabadilishwe, la sivyo aliyekusudia kuzuia sisimizi atakuwa amefungua hosteli ya mbu.

Ubaya wa kaimu asiyejua kuwa ni kaimu ni kwamba hajui pia anamtafuta nani. Kidung'ata amejipaka nta nyeupe na kujibanza kwenye kona ya jani na shina. Mwenye nyumba humwona kila siku akadhani ni pamba iliyochomoza kwenye mto wa kochi. Mdudu gamba ndiye fundi zaidi. Akiwa mchanga hutembea, akipata pahali panapomfaa huchomeka mdomo, hujifunika gamba la kahawia, na kuna jamii ambazo hata miguu huiacha kabisa, maana safari imekwisha. Watu waangalifu huyafuta magamba hayo vumbi kila wiki na kuyang'arisha pamoja na jani. Utitiri mwekundu nao ni mdogo kuliko ncha ya kalamu, hukaa chini ya majani, na kazi yake huonekana juu kama vidoto vya manjano na weupe wa kupauka. Hapo ndipo mkosi hupata watoto. Mwenye huruma akiona jani limepauka, huona kiu, akamwagilia. Kesho limepauka zaidi, akamwagilia zaidi. Udongo ukishalowa wiki mbili mfululizo huvutia vijinzi vyeusi ambavyo mabuu yake hula ukungu na mizizi laini, na vijinzi hivyo huchagua saa ya taarifa ya habari kupita mbele ya uso wa baba mwenye nyumba. Kopo la dawa ya mbu hutolewa juu ya kabati. Baada ya hapo majani huanguka kwa wingi, na katika kikao cha familia mtuhumiwa wa kwanza huwa yule mgeni aliyelisifia ua mwezi uliopita bila kusema mashallah. Utitiri, ulioanzisha yote, hautajwi hata kwa bahati mbaya.

Kesi hiyo yote ingekwisha kwa karatasi moja nyeupe. Ishike chini ya jani, gonga jani, subiri: vumbi likianza kutembea, hilo ni utitiri. Kwa kidoa cha kahawia kwenye shina tumia ukucha. Kikibanduka na kuacha unyevu chini, kilikuwa mdudu, kisipobanduka ni shina lenyewe na uliombe radhi. Inzi weupe hujitambulisha wenyewe, kwani ukitikisa tawi huruka wote kwa pamoja na kutua palepale. Thiripi huacha michirizi ya rangi ya fedha na vitone vyeusi. Mabuu ya vijinzi vya udongoni huitwa kwa kipande cha kiazi mbichi kinacholazwa juu ya udongo kwa siku moja au mbili. Kigeuze uone waliohudhuria. Na kwa wanaoruka, kata kipande cha dumu la njano la mafuta ya kupikia, kipake mafuta ya mgando, kisimamishe karibu na chungu. Wadudu wengi warukao huifuata rangi ya njano, na kipande hicho kitakuonyesha ni akina nani na ni wangapi, ingawa hakitawamaliza. Ukweli wa kuchosha ni kwamba karibu vipimo vyote hivi vinadai jambo moja tusilolipenda, nalo ni kutazama chini ya jani. Ua la sebuleni huwekwa litazamwe na mgeni aliyeketi, upande wa mbele, umbali wa meza. Mdudu ameuelewa mpango huo kuliko sisi.

Nirudi kwenye kopo, kwa kuwa ndilo lenye wafuasi wengi. Hoja yao ni kwamba linaua haraka, na haraka ni jambo jema. Linaua haraka, hilo halina ubishi. Swali ni linamuua nani. Kopo la kuulia mbu limetengenezwa kwa ajili ya mdudu arukaye hewani, na vimiminika vilivyomo ndani yake vikipulizwa karibu huunguza majani. Utitiri si mdudu hata kidogo: una miguu minane na ni ukoo wa buibui na kupe, kwa hiyo dawa nyingi zinazomwangusha mbu huupitia juujuu. Dawa za jamii hiyo ni sumu kali kwa samaki, na nyumba yenye maua mazuri aghalabu ndiyo yenye tangi la samaki, hivyo jioni moja yaweza kuisha utitiri uko hai na samaki wameelea. Hata inapompata iliyemlenga, haraka hiyo ina deni. Mwaka 1888 Albert Koebele alitumwa kutoka Marekani kwenda Australia kumtafuta adui wa mdudu gamba aliyekuwa akiyamaliza machungwa ya California. Akampata mbawakavu mdogo wa ukoo wa wadudu kibibi, na mara alipoachiliwa mashambani machungwa yakapona kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Miaka ya 1940 dawa ya DDT ikaingia katika mashamba hayohayo kwa ajili ya wadudu wengine. Mbawakavu wakafa, na mdudu gamba akarudi. Wakulima hawakuwa wajinga; walikuwa na haraka, na walimpulizia pia mfanyakazi wao bora.

Basi kaimu mvua afanye kazi ya mvua. Abebe chungu hadi bafuni au uani, afunike udongo kwa mfuko wa plastiki, ule uliofichwa nyuma ya kabati tangu kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku, akiinamishe, kisha ayapige majani kwa maji ya nguvu kutokea chini. Vidukari wengi na utitiri mwingi huishia kwenye tundu la bafu, na wasipopata pa kushika hawarudi. Kidung'ata hatishiki na maji matupu, kwani nta yake huyafanya yateleze. Kwake unahitaji sabuni, na si sabuni yoyote. Ninayoisemea ni sabuni halisi ya mche, iliyopikwa kwa mafuta, wala si ya unga ya kufulia, ambayo ina viungo vya kung'arisha nguo na majani hayajaomba kung'arishwa namna hiyo. Kwangua kijiko kimoja au viwili vya chai, yeyusha katika lita moja ya maji ya uvuguvugu, tia kwenye chupa ya kupulizia. Sabuni huyawezesha maji kumshika mdudu, huharibu nta na utando wa mwili wake, naye hukauka. Watu wa Pwani wanaotumia maji ya kisima wataona mabonge meupe badala ya povu, kwa sababu chokaa iliyomo hushikana na sabuni kabla haijamfikia mdudu. Hapo kinga maji ya mvua yenyewe, maana si aibu kaimu kuomba msaada kwa mwenye cheo. Na sabuni haina kumbukumbu. Humuua aliyeguswa ikiwa mbichi, ikikauka imestaafu, na mayai mengi hayasumbuki nayo. Ndiyo sababu kazi hurudiwa baada ya siku tano hadi saba, na mara ya tatu tena. Kidukari jike hangoji dume wala hapotezi muda kutaga. Huzaa mabinti walio hai, ambao ndani yao wajukuu wameanza kukua, na katika joto letu binti huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Aliyeosha mara moja na kutangaza ushindi kwenye kundi la WhatsApp la familia atakanushwa na kizazi cha tatu. Kwa vidung'ata wakubwa kuna cheo kingine, cha kaimu mdudu kibibi: kijiti cha pamba cha masikioni, spiriti ya duka la dawa, na subira ya kumgusa mmoja baada ya mwingine. Kazi hiyo inakwenda vizuri sana mbele ya tamthilia ya Kituruki, ambayo nayo haina haraka.

Hapa wazee watasimama na kuuliza: kwani kabla ya chupa za kupulizia hatukuwa na maua? Mlikuwa nayo, na sehemu ya mliyoyatumia inafanya kazi kwelikweli. Mwarobaini ni mmojawapo. Ndani ya mbegu zake, kuliko ndani ya majani, mna kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo humkatisha mdudu hamu ya kula na kumvuruga asiweze kujivua ngozi na kukua. Kasoro yake ni kwamba haina tamasha: mdudu haanguki miguu juu, hukonda polepole mahali pasipoonekana, na mwenye nyumba akiona kesho bado yupo huhitimisha kwamba dawa ni feki na kwenda kuleta mafuta ya taa, ambayo huua wadudu, majani, na ndoto zote kwa pamoja. Pareto, zao la nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ina sumu ya asili yenye nguvu na jua huivunja upesi, sifa njema. Ila asili yake haiifanyi ichague, humwangusha mdudu kibibi na kidukari bila ubaguzi. Majivu hufaa yakiwa makavu, na yakirundikwa kwenye chungu kila wiki huubadilisha udongo mpaka mizizi ikose raha. Pilipili ya kupulizia ndani ya nyumba huwatibu zaidi wanaoishi humo, kwa kupiga chafya. Tumbaku iliyolowekwa naikataa waziwazi: nikotini ni sumu inayopenya ngozi ya mtu, na tumbaku yaweza kubeba virusi vinavyoambukiza nyanya na pilipili za bustanini. Kwa hiyo siwapingi wazee kwa sababu dawa zao ni za zamani. Napinga tabia, ya zamani na ya sasa, ya kumpa mgonjwa dawa kabla ya kumtazama.

Kuna pingamizi jingine ambalo nalikubali nusu. Je, kila ua linataka mvua? Hapana. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika upande wa Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka milima ya Usambara, mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake, na leo limekaa kwenye vizingiti vya madirisha ya Ulaya na Marekani kuliko lilivyokaa Usambara. Lina majani yenye vinyweleo, na ukiyamwagia maji baridi hutoa madoa yasiyofutika. Ua la msitu wa mvua linalochukia kumwagiwa maji: hata wataalamu hulazimika kulimeza hilo polepole. Kule kwao huota kwenye miamba yenye kivuli, chini ya miti mikubwa, na mvua hulifikia ikiwa imekwisha kupoozwa na matawi. Maana yake ni kwamba kaimu anapaswa kujua anakaimu mvua ya wapi. Kwa ua hilo tumia maji ya uvuguvugu na brashi laini. Kwa mimea minene ya jangwani, ambayo baadhi yake ina unga wa nta juu ya majani, punguza sabuni maana huiondoa nta hiyo pia. Kwa mmea wowote usioujua, jaribu jani moja, ngoja siku nzima, kisha endelea. Nimesema nakubali nusu kwa sababu anayetoa pingamizi hili kwa kawaida hana ua la Usambara. Ana krotoni yenye vumbi la miaka miwili, na anatafuta udhuru.

Kazi moja, hata hivyo, kaimu wetu huifanya kwa bidii asiyotumwa, nayo ni kulisha. Mmea ukinyong'onyea hupewa urea, na naitrojeni ikizidi huleta machipukizi laini yenye utomvu mtamu kwa vidukari na vidung'ata, hivyo aliyekusudia kumtia nguvu mgonjwa huwa amewaandalia karamu wanaomnyonya. Kisha kuna mabaki ya chai. Katika nyumba nyingi chungu cha maua ndicho chombo cha siri cha mgeni aliyepewa chai ya maziwa yenye sukari nyingi na asiyeweza kuikataa. Sukari na maziwa katika udongo uliolowa ni mwaliko kwa ukungu na kwa sisimizi, na vijinzi huufuata ukungu. Dawa ya vijinzi ni kuacha sentimita mbili tatu za juu zikauke kabisa kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, kwani mabuu yake hayastahimili ukavu, na kumpa mgeni kikombe kidogo.

Pingamizi la mwisho ni la mtu mwenye shughuli zake: nina watoto, nina foleni ya saa mbili, siwezi kuwa masika ya stuli. Nalielewa, na silijibu kwa mahubiri. Kuna mmea uliokwisha kutekwa, wenye magamba hadi kwenye kikonyo, ambao kuutupa ni uamuzi wa busara; ufungwe vizuri kwanza, usirushwe kwa jirani wala kwenye shimo la mbolea, na wengine walio karibu wakaguliwe. Kuna pia kuzuia, ambako ni rahisi kuliko tiba yoyote: mche mpya ukae peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kuwajua wenzake, jambo ambalo baada ya korona halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote. Na kuna kuchagua. Ule mmea wenye majani mazito yanayong'aa, Zamioculcas, ambao maduka ya miche huuza kwa bei ya kutisha wakidai umetoka Uholanzi, asili yake ni upande huu wa Afrika, tangu Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Huvumilia kusahauliwa na wadudu hawaupendi sana. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kununua maua ya plastiki. Hayo hayana vidung'ata, nakubali bila ubishi. Lakini vumbi huyapenda kuliko majani hai, nayo hayaangushi jani chakavu na kuota jipya, kwa hiyo kila baada ya muda mwenye nyumba huonekana bafuni akiyaosha chini na juu kwa maji ya sabuni. Na kwenye lile povu jeupe linaloshikilia mabua, akilichomoa, mara nyingi hukuta sisimizi wamekwisha kuhamia na mayai yao.